Msemaji Mpya, Mstari Mpya

Webuye, saa nne usiku. Stima imerudi.
Madaftari arobaini na moja ya Kidato cha Pili
na kalamu nyekundu inayovuja kwenye kidole cha shahada.
Nje, bomba la kiwanda cha karatasi halina moshi;
zamani harufu yake ilitufikia hadi kitandani,
tukiilaani, na mishahara ya baba zetu ikinuka vivyo hivyo.

Nasahihisha Kiingereza. Insha: siku nisiyoisahau.
Nasahihisha yale yale niliyoyasema Jumatatu,
nikayarudia Jumatano, chaki ikinikatikia mkononi:
maneno ya mtu yafungue kwa alama mbili,
kama nyayo za kuku kwenye udongo mbichi;
yafunge kwa mbili.
Mkato uingie ndani kabla mlango haujafungwa,
usiuache nje unyeshewe.
Kiulizi ni cha anayeuliza, kilale kwake.
Na akisema mwingine, jamani,
akisema mwingine, shuka.
Msemaji mpya, mstari mpya.
Waliimba wote. Wakaandika walivyotaka.

Barasa kaweka mikato kama anayenyunyiza chumvi.
Simiyu kafungua alama ukurasa wa kwanza,
hakuzifunga; hadi sasa nyanya yake anaongea,
ng'ombe wanaongea, daraja la Nzoia linaongea.
Nikacheka peke yangu, nikampa kumi na moja.

Kisha daftari la Nasambu wa Misikhu.
Mwandiko mdogo, umeinama
kama mtu anayepita mlango mfupi.
Hakuna alama hata moja. Sauti mbili zimemwagwa pamoja
kama mahindi na maharagwe katika gunia moja
(naiweka kwa Kiswahili; kwa Kiingereza iliuma vilevile):

      mchukue wewe mtoto alisema mimi siwezi

Nikainua kalamu. Nikaiteremsha.
Nikifunga baada ya mtoto, nikafungua tena papo hapo,
aliyeomba ndiye asiyeweza.
Nikishuka mstari, mmoja aliomba, mwingine akakataa.
Nafasi ya kidole kimoja pembeni mwa ukurasa,
na lawama imehama nyumba.
Kiingereza kina yeye wa kike na yeye wa kiume,
lakini hakikunifaa: wote wawili ni wanawake.

Asubuhi nikamwita karibu na stoo ya vitabu.
"Nani alisema hawezi?"
Akatazama viatu vyake.
"Sijui, mwalimu. Nilikuwa nyuma ya ukuta.
Mama ni Mulongo, mama mkubwa ni Mukhwana.
Sauti ni moja.
Hata kuku wa kwetu huchanganyikiwa wakiitwa."

Mukhwana hutangulia kutoka tumboni, Mulongo hufuata;
hayo kila mtu hapa anayajua.
Nani hutangulia kukataa, hakuna aliyetufundisha.

Nilikuwa na kanuni. Nikaitafuta, ikaniponyoka.
Mtihani wa taifa haujui kwamba kuna ukuta;
unataka aliyesema, alichosema, na mkato mahali pake.
Nikamwambia arudie, alete Ijumaa.
Nikajisikia nikisema hivyo.

Ijumaa akaleta. Daftari limevishwa gazeti jipya.
Alama zimefunguka, zimefungwa, mikato ndani, vituo ndani,
kila sauti imeingia hatua moja kutoka pambizoni:

      "Mchukue wewe mtoto," alisema mama.

      "Mchukue wewe," alisema mama mkubwa.

      "Siwezi," alisema mama.

      "Siwezi," alisema mama mkubwa.

Chini yake, mstari mpya, hatua moja ndani,
alama mbili zimefunguka.
Baada yake hakuna neno, hakuna kituo, hakuna kufunga.

Ni kosa. Nimelifundisha mara mbili kwa wiki.
Nikaweka tiki kando yake,
nikageuza ukurasa
kuona kama anaendelea.